Kiondo Nisichoweza Kuinua

Wenzangu wa kikundi, tangu nirudi kutoka Rongai sijapita dukani hata siku moja bila mmoja wenu kunishika mkono, tena huo huo wa kushoto, na kuniuliza, "Mama Kamau, kulienda aje?" Kila mmoja nimempa kipande, na sasa nasikia vipande vimeunganishwa vibaya. Wambui anasema nilifukuzwa. Mama Njoki anasema nilizirai barabarani. Hayo yote ni uongo. Nimeketi hapa nje na daftari, nawaandikia yote mara moja, mpitishiane.

Kwanza lile mnalolijua nusu. Mliambiwa nililazwa kwa sababu ya presha. Haikuwa presha. Moyo wangu ulikuwa umeanza kupiga polepole mno, hadi asubuhi moja nikaanguka nikiwa nakamua ng'ombe, maziwa yakamwagika yote. Madaktari waliniwekea mashine ndogo chini ya ngozi, hapa juu ya titi la kushoto. Inatosha kwenye kiganja. Ina nyaya zinazoshuka mpaka ndani ya moyo, na moyo ukisahau kupiga, betri inaukumbusha.

Siku ya kutoka, muuguzi alinikalisha chini akanieleza. Kwa wiki sita nisiinue kitu kizito. Kiwiko cha kushoto kisipande kupita bega. Nisisukume, nisivute. Nyaya bado hazijashikana vizuri na moyo, zikivutwa zinaweza kutoka mahali pake. Kisha akasema mkono huo nisiufunge kabisa, niutumie kidogo kidogo kwa kazi nyepesi, la sivyo bega litakauka. Hilo la mwisho nililisikia nikaliacha pale pale hospitalini. Nilirudi nyumbani mkono nimeuficha chini ya shali kama mtu aliyeiba kuku.

Mimi ni mtu wa kubeba. Mnanijua. Kuni, maji, magunia ya viazi, yote yamepita mgongoni mwangu, na nilijivunia. Sasa nikawa naogopa hata sufuria ya chai.

Wiki niliyotoka hospitali ndiyo Chebet, mke wa Kamau wangu, alijifungua msichana, akaenda kutunzwa kwa mama yake juu ya Rongai. Mtoto wakamwita Wanjiru, jina langu. Kwetu msichana wa kwanza ni wa mama ya baba, hilo halina mjadala. Lakini Chebet si wa kabila letu, kwao majina huja kwa njia nyingine, na hakuna aliyemlazimisha. Alikubali mwenyewe. Nami ndiye niliyesema mbele ya watu, siku Kamau alipotuletea habari zake, "Kwani wasichana wa kwetu waliisha?" Neno hilo lilifika Rongai kabla yangu.

Ndiyo maana nilikuwa nimebanwa. Nikiwaambia wakwe kwamba moyo wangu unaenda kwa betri, nilifikiri watasema damu yetu ina ugonjwa na mtoto amepewa jina la mgonjwa. Nikienda nikakaa pale bila kumbeba mtoto, watasema lile neno bado limo rohoni mwangu. Kamau nilimwapisha asiseme, hata kwa mkewe. Halafu katika wiki ya tano akanipigia simu kutoka Naivasha anakofanya kazi. Akasema, "Mum, Chebet ameuliza utakuja lini. Halafu akalia." Nikamwambia nitakwenda Alhamisi.

Mlitaka twende pamoja, na kuni zenu na nyimbo zenu, kama inavyostahili. Nikawakatalia, mkanuna. Niliwakatalia kwa sababu mngeniwekea mzigo mgongoni kabla hatujatoka langoni, na ningeubeba.

Kutoka Kariandusi kwa gari la maziwa

Sasa sikieni ujinga wangu. Mtu haendi kuona mtoto mikono mitupu. Jioni ya Jumatano nilichukua kile kiondo kikubwa nikaweka njahi, yale maharagwe yetu meusi, kwa sababu mama anayenyonyesha atakula nini kingine. Nikaweka unga wa wimbi wa uji. Nikaweka ndizi, viazi vichache, halafu vingine juu yake. Nilikuwa napanga vizuri, nimefurahi hata, nikafunga mdomo wa kiondo kwa kamba. Ndipo nikajaribu kukisogeza kwa mkono wa kulia na hakikusogea. Nilikuwa nimefunga mzigo wa yule mama Kamau wa zamani.

Ningepunguza. Najua. Lakini kila nilipotoa kitu niliona uso wa mama yake Chebet, nikakirudisha.

Baba Shiru, jirani yangu wa gari la maziwa, alikuja asubuhi. Alikishika kiondo akaguna. "Mama Kamau, umeweka nini humu? Umechimba ule mchanga mweupe wote wa Kariandusi?"

"Ni njahi tu."

"Njahi ya kijiji kizima?"

Akakitupa nyuma kati ya mitungi. Nikapanda mbele. Sikuwa nimefikiria habari ya mkanda. Kiti cha abiria kiko upande wa kushoto, na mkanda unashukia bega la kushoto, juu kabisa ya ile mashine. Baba Shiru akasema, "Funga, Mbaruk kuna askari." Nikafunga, nikaikunja leso mara nne nikaiingiza chini ya mkanda. Kila gari lilipopita kwenye shimo nilishika kifundo cha mkono wangu nihesabu mapigo. Nilihesabu mpaka Baba Shiru akaniuliza kama nasali.

Tulisimama kila lango lenye ng'ombe. Kwenye lango la tatu au la nne akasema, "Nishikie huu mtungi kidogo, nifungue mlango wa nyuma." Mtungi wa maziwa umejaa. Mnajua nilifanya nini? Nilifumba macho nikajifanya nimelala. Mtu mzima, saa mbili asubuhi. Nilimsikia akisimama pale dirishani akinitazama, kisha akauweka mtungi chini mwenyewe. Tulipofika Lanet akaniambia kwa upole kwamba nimezeeka ghafla. Nilitamani kumweleza. Sikumweleza.

Mlangoni mwa duka, Nakuru

Alinishusha mjini, na kijana mmoja wa kubebea watu mizigo akakipeleka kiondo changu kituo cha magari ya Rongai na kukiacha kwa mama wa chai. Mimi nikaenda kununua blanketi la mtoto kwenye lile duka kubwa karibu na soko.

Mlangoni palikuwa na foleni, na askari wa kike mwenye kile kifimbo cha kupimia chuma. Alikuwa anakipitisha kwa kila mtu, kifuani, mgongoni, kwenye mifuko. Mimi muuguzi alikuwa ameniambia kifimbo hicho kisikae juu ya mashine. Nilipofika mbele nikarudi nyuma hatua moja.

"Fungua mikono, mathe."

"Usinipitishie hicho kitu."

"Ni kazi yangu, mathe. Kila mtu anapimwa. Fungua mikono."

"Siwezi kufungua huu."

Akautazama mkono wangu chini ya shali. Nami nikauona mkono huo kwa macho yake: mama mzee, shali kubwa, mkono umefichwa, hataki kupimwa. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mathe, toa huo mkono polepole."

Nikatoa. Nikatoa na ile kadi niliyopewa hospitalini, imeandikwa Kizungu, ina picha ndogo ya kifua. Aliisoma kwa muda mrefu, midomo ikitembea.

"Hii ni ya bima?"

"Ni ya moyo. Nina mashine hapa. Ina betri."

Macho yakamtoka. "Uko na stima ndani?"

Hakusema kwa sauti kubwa sana, lakini mwanamume aliyekuwa nyuma yangu alisikia, akasogea. Na mwingine nyuma yake. Foleni nzima ikaachia nafasi kunizunguka, nikabaki pale peke yangu kama transfoma. Askari akakificha kifimbo nyuma ya mgongo wake, akanipapasa mifuko kwa vidole viwili, na kuniambia, "Pita, mathe. Pole. Mungu akuponye. Pita tu."

Leo nikikumbuka nacheka. Siku ile sikucheka. Nilinunua blanketi la manjano bila kuangalia kama ni zuri, nikaenda kwa mama wa chai. Nilikula chapati na maharagwe kwa sababu sikuwa nimekula tangu asubuhi, na hata kumeza nilikuwa namezea upande wa kulia, kana kwamba chakula nacho kingeweza kuvuta waya. Nilikuwa nafikiria jambo moja. Kama watu nisiowajua wameniogopa kiasi hicho, wakwe watafanyaje?

Njia ya Rongai

Gari la Rongai lilikuwa Probox, na mimi nilipata kiti cha nyuma karibu na mlango wa kulia, mahali mkanda unaposhukia bega la kulia. Nilikichagua kwa makusudi. Dereva alikifunga kiondo juu ya gari. Kando yangu alikaa mama kijana na mtoto wa miezi kama minane, mnene, mwenye kofia ya sufu.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipoacha barabara kuu ya Eldoret. Mbele kidogo gari likakohoa mara mbili na kufa. Petroli. Dereva aliapa kwamba mshale ulikuwa unaonyesha kuna mafuta, na abiria mmoja akamwambia mshale huo umekufa tangu anunue gari. Kituo cha mafuta kilikuwa kinaonekana kwa mbali, mwisho wa mahindi.

"Wazazi wangu, tushuke tusukume kidogo tu," dereva akasema. "Ni hapo."

Wote wakashuka. Mzee wa fimbo akashuka, akaiweka fimbo yake ndani ya gari, akaegemea buti. Msichana wa shule akasukuma. Nami nikasimama kando ya barabara, kwenye nyasi, mkono chini ya shali. Niliona wakinitazama. Nina mwili mkubwa, mnanijua, mtu akiniona anadhani ninaweza kusukuma gari peke yangu. Na zamani ningeweza.

"Mathe, wewe ni mheshimiwa?" dereva akaniuliza, akitabasamu lakini si sana.

Yule mama kijana akanijia, jasho limeshamtoka, akamwinua mtoto wake kutoka mgongoni na kuninyooshea. "Basi nishikie huyu, mathe, niwasaidie."

Mtoto alikuwa amenyoosha mikono kwangu. Nikasema, "Siwezi."

"Hata mtoto?"

"Siwezi, mama. Nisamehe."

Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alinitazama tu, kutoka usoni mpaka viatuni, akamfunga mtoto mgongoni tena, akaenda kusukuma gari na mtoto wake juu. Kofia ya sufu ilikuwa inaruka ruka kwa kila hatua. Mimi nikatembea nyuma yao kama msindikizaji. Nililia kidogo, nawaambia ukweli, nikajifuta kwa leso niliyowekea mkanda. Nilikuwa nimekwisha kuiona siku yangu yote itakavyokuwa. Mtu atanipa mtoto, nami nitasema siwezi, na atanitazama vile vile.

Tulipojaza mafuta hakuna aliyeongea nami mpaka Rongai.

Mkokoteni wa Tabitha

Kutoka Rongai hadi kwa wakwe ni mlima wa kilomita kadhaa. Vijana wa bodaboda walinizunguka wote kwa pamoja. "Shosho, panda hapa, nitakupeleka polepole, shika tu kwa nguvu." Kushika kwa nguvu ndiko nilikoogopa. Nikakaa juu ya kiondo changu kando ya barabara karibu saa nzima, nisiweze kukibeba wala kukiacha.

Alikuja mama mmoja wa makamo na punda wawili na mkokoteni wa mitungi ya maji. Alinipita, akasimama, akarudi.

"Unangoja nani, mathe?"

"Nangoja mtu wa kuniinulia huu mzigo."

"Unaenda wapi?"

Nikamtajia. Akacheka. "Kwa Kogo? Wewe ndiye shosho wa Wanjiru! Wanakungoja tangu asubuhi. Wamechinja." Akakikamata kiondo, akakirusha juu ya mitungi kwa mkono mmoja na goti, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Wivu ulinishika, nakiri. Jina lake ni Tabitha. Alisogeza mkokoteni karibu na jiwe nikapanda kwa kukanyaga jiwe, bila kujivuta.

Tulikwenda mwendo wa punda. Yeye alitembea pembeni. Baada ya muda akasema, "Mkono huo umeuvunja?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu sikutarajia kumwona tena. Nilimwambia yote, betri na nyaya, wiki sita, neno nililolisema, jina la mtoto, hofu yangu ya wakwe. Alisikiliza huku akimchapa punda kidogo kidogo kwa kamba.

"Mimi nilipasuliwa tumbo mwaka mmoja," akasema. "Nikaambiwa nisibebe maji. Siku ya tisa mama mkwe akaja kunitembelea, akakuta mitungi mitupu. Hakusema kitu. Ila nilimwona akiiangalia. Nikaenda mtoni."

"Halafu?"

"Halafu kidonda kikafunguka. Na mama mkwe alikuwa hata hajui nimepasuliwa, kwa sababu sikumwambia. Alilia hospitali kuliko mimi." Akanigeukia. "Wewe umebakisha siku ngapi?"

"Wiki moja."

"Usibebe, mathe. Waambie."

Kusema ni rahisi ukiwa unatembea kando ya punda. Tulipokaribia niliona moshi wa jikoni na wanawake wamesimama langoni, nikahesabu mapigo yangu mara tatu. Betri ilikuwa inafanya kazi yake. Mimi ndiye nilikuwa sifanyi yangu.

Nyumbani kwa Chebet

Tabitha ndiye aliyekiingiza kiondo ndani, akakiweka mbele ya wanawake, akaaga haraka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Mgeni ameleta zawadi, na mzigo umebebwa na mwenye punda.

La pili lilikuwa mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa kwenye kibuyu. Mama yake Chebet, ambaye wote wanamwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao, mwanamke mrefu mwembamba asiyesema sana, aliniletea kikombe mwenyewe. Kwao, kama kwetu, mtu akikupa kitu kwa heshima unakipokea kwa mikono miwili. Nilipokea kwa mmoja. Kikombe si kizito, ningeweza kabisa, lakini kwa wiki tano nilikuwa nimeufunga mkono ule hata ukasahau kazi. Wanawake waliokuwa kwenye makochi, kama sita hivi, waliangalia kikombe, kisha wakaangaliana.

Halafu Chebet akaingia na mtoto.

Amekonda. Macho yake yalikuwa makubwa, na alikuwa amevaa nguo nzuri, amejikwaa kwenye mguu wa kiti njiani kwa sababu alikuwa ananitazama mimi tu. Akampa mama yake mtoto, na Kogo akaja mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili na mtoto juu yake. "Haya, Wanjiru. Mpokee Wanjiru."

Mikono yangu haikutoka.

"Wacha kwanza nipumzike," nikasema. "Nimetoka safari."

Kogo akasimama vile vile. Akangoja. Mtoto akapiga chafya.

"Labda amelala," nikasema. "Msimsumbue."

Alikuwa macho, ananitazama. Kila mtu alimwona.

Chebet akaja akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama yake. Akaingia chumbani, na pazia likarudi mahali pake. Nje kuku walikuwa wanagombana. Kogo akaketi mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana, akaongea kwa sauti ya chini kabisa, Kiswahili cha polepole.

"Mama Kamau. Neno ulilolisema zamani tulilisikia. Msichana wangu akasema tusilishike, na jina akalitoa yeye mwenyewe. Lakini kama jina limekusumbua, hakuna neno. Bado hatujampeleka kanisani. Linaweza kubadilishwa leo."

Nilikuwa nimeogopa mambo mengi njia nzima. Askari, mashimo, kutazamwa. Hilo sikuwa nimeliogopa, kwa sababu sikuwa nimelifikiria. Nilihisi nimekanyaga mahali pasipo na ardhi. Nikavua shali. Nikafungua vifungo viwili vya blauzi mbele ya wanawake wote wale, nisiowajua hata majina, nikaivuta pembeni waone kovu na ule uvimbe wa mraba chini ya ngozi.

"Si jina," nikasema. "Ni hii. Moyo wangu unasukumwa na betri. Nimekatazwa kuinua kitu kizito mpaka wiki ijayo, na nimeogopa kuwaambia, msije mkasema mtoto amepewa jina la mgonjwa. Lile neno nililisema. Nilikosea, na nimeogopa kulitaja pia."

Maneno yalitoka yote kwa mkupuo, vifungo vyangu bado viko wazi. Mmoja wa wale wanawake akasema "Woi," taratibu. Kogo aliinama akakiangalia kovu kwa karibu, kama mtu anayekagua mshono wa sweta. Kisha akageuka akaangalia kiondo. Akaenda akajaribu kukiinua, akashindwa, akaanza kucheka.

"Na ulikuwa unaleta hii?"

"Ndiyo."

"Mwenye betri?"

"Ndiyo."

"Mama, wewe huna ugonjwa wa moyo. Una ugonjwa wa kichwa." Wote wakacheka, nami nikacheka huku nalia, na Kogo akanifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, kama mtoto wa shule.

Pazia lilikuwa limefunguka. Chebet alikuwa amesikia. Hakucheka. Alikuja na mto chini ya kwapa na mtoto begani, akasimama mbele yangu.

"Kuketi unaruhusiwa?" akaniuliza.

"Kuketi naruhusiwa."

"Mkono wa kulia uko sawa?"

"Huo ni mzima."

"Basi kaa vizuri."

Akaniweka mto pajani, akanikunja mkono wa kulia juu yake, akapanga kiwiko changu, akarudi nyuma akatazama, akapanga tena. Kisha akainama akamlaza mtoto pale, kichwa kwenye kiwiko, akautoa mkono wake chini polepole. Sikuinua chochote. Uzito ulikuja wenyewe. Ni mzito, Wanjiru. Ana harufu ya maziwa na mafuta ya ng'ombe, na ana paji la uso la Kamau, yaani langu. Mkono wa kushoto, ule mwizi wa kuku, nikautoa kidogo kidogo nikauweka juu ya miguu yake. Ulikuwa umekauka begani, lakini ulifika.

"Lile neno lako Kamau aliniambia siku hiyo hiyo ulipolisema," Chebet akaniambia, karibu na sikio langu. "Nilitaka nikuone ukimshika kwanza ndio nijue kama limekwisha."

Nilimwambia asante, na pole, na asante tena.

Chakula kilikuwa kinaandaliwa. Wanawake wakatoka mmoja mmoja kwenda jikoni, wawili wakikiburuta kiondo changu na kukigombeza. Kogo naye akatoka. Chebet akabaki amesimama, akapiga mwayo mpaka machozi yakamtoka, na kusema hajalala vizuri tangu ajifungue.

"Mama, naenda kulala kidogo."

Nikashtuka. "Na huyu? Chebet, mimi siwezi kumwinua. Akilia siwezi kusimama naye. Hata kumweka chini siwezi."

"Najua," akasema. Akachukua lile blanketi la manjano kwenye mfuko wangu, akatufunika sisi wawili, akaenda chumbani kulala.